Kijiji Kizima Kinadhani Nakufa

Hakdong, 30 Januari 2009

Kwa dada Luyen,

Nakusalimu wewe, shemeji Dinh na Ngan wenu, na nawaombea mwaka mpya usio na mafuriko. Mimi ni mzima. Lishike sana neno hilo, mzima, maana katika kijiji hiki anayeliamini ni mimi peke yangu.

Kadi za simu nimeacha kununua. Masikio yako yalikwisha kuliwa na mashine za kufuma, na kila nikikupigia tunaishia kupayukiana mpaka majirani zako wanadhani tunagombana. Mara nyingi wanadhani sawasawa. Barua itachelewa, lakini angalau nitamaliza ninachosema kabla hujanikatiza.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Hawa Wakorea nao wanasherehekea mwaka mpya siku ileile ya kwetu. Asubuhi Bibi Yeongdeok, mjane wa nyumba ya jirani, ambaye wanamwita kwa jina la mji aliozaliwa hata jina lake lenyewe silijui, akanipigia kelele kutoka jikoni niingie kunywa supu ya mwaka mpya. Nikasimama uani. Wewe unajua kwa nini. Mama hajatimiza mwaka. Mwenye matanga haingii nyumba ya mtu siku ile, asije akamwachia mkosi wa mwaka mzima. Hilo hata Ngan analijua. Lakini nitamwelezaje bibi wa Kikorea? Kikorea changu ni cha mbolea, mablanketi na "fanya upesi". Neno la matanga sina. Neno la kifo ninalo, kwa sababu bosi wangu, Bwana Bae, hulitumia kila siku kwa miche ya matikiti. Basi nikamwambia: "Bibi, mimi nina kifo. Nikiingia kwako, nacho kitaingia."

Upawa ukamdondoka.

Kufika mchana mabibi wanne wako mlangoni kwangu, wananipapasa shingo na kunivuta kope za macho. Sikukuu zilipokwisha Bwana Bae akanipeleka zahanati, amenuna njia nzima. Daktari akanipima damu, mkojo na kifua, akasema nina afya ya ng'ombe. Mabibi wakasema daktari mwenyewe mtoto, hata ndevu hazijamwota, atajua nini. Jioni yake mwenyekiti wa kijiji, Bwana Gwak, akatangaza kwenye kile kipaza sauti chao cha juu ya nguzo kwamba mbolea imefika, mbwa wafungwe, na Tao wa Bae, ndivyo wanavyotamka jina langu, ni mgonjwa, asipewe pombe. Akarudia: asipewe pombe.

Hiyo ndiyo sikukuu yangu. Niandikie mlimfanyia mama nini siku ya mwaka mpya, na nani alishika ubani.

Mdogo wako,
Thao


Dong Vang, 12 Februari 2009

Mdogo wangu Thao,

Barua yako imefika siku ya mvua, imelowa pembe moja tu. Sisi hatujambo. Dinh anaugulia mgongo. Ngan amepata kazi kiwanda cha viatu, na sasa anajibu watu utadhani kiwanda ni chake. Nguruwe amezaa tisa, mmoja amemlalia.

Nilicheka mpaka Dinh akatoka nje kuona nimepatwa na nini. Halafu sikucheka tena. Miaka miwili na nusu uko nchi za watu na huwezi kusema mama yangu amefariki? "Mama" unalijua. "Kufa" unalijua. Unganisha! Mtoto wa chekechea anaweza.

Umeuliza nani alishika ubani. Aliushika Baba mdogo Khoat. Mimi nilisimama nyuma yake katika nyumba niliyozaliwa kama mpita njia, maana mimi ni binti niliyeolewa na mkono wangu mbele ya wafu hauhesabiki. Baada ya kula akajifuta mdomo, akasema mbele ya ukoo mzima: mwaka wa mama unatimia mwezi wa tatu wa kalenda yetu ya mwandamo, mwezi ukiwa mpevu. Mtoto wake wa kiume asipokuwepo siku hiyo, bakuli la ubani la baba na mama litahamia nyumbani kwake yeye Khoat, kwa sababu nyumba isiyo na mwanamume haiwezi kulisha wafu. Hakuna aliyempinga. Na wewe unajua bakuli likihama halirudi. Nyumba ya mama itabaki matofali na paa, na mwakani utasikia Khoat ameigeuza ghala la mbolea.

Basi nakuuliza mara moja tu. Utakuja au hutakuja? Neno moja linatosha. Usinipe habari za supu.

Dada yako,
Luyen


Hakdong, 26 Februari 2009

Dada Luyen,

Salamu nyingi. Mwambie shemeji mgongo haupoi kwenye godoro, alalie ubao. Na Ngan mwache ajibu watu, wewe ulikuwa unajibu mpaka walimu.

Theluji imekwisha. Imebaki michirizi tu nyuma ya vibanda vya nailoni, upande jua lisikofika. Alfajiri bado nakunja yale mablanketi yanayofunika matikiti usiku, kwa sababu jua likiyakuta yamefunikwa miche inaungua. Lakini jua likishapanda, mabibi wananijia. Wamemwambia Bwana Bae mbele ya watu kwamba anamuua mtoto wa mwenzake, naye kwa aibu ananiachia mpaka alasiri. Huku ananiachia, huku ananikodolea macho.

Wananiweka juu ya kitanda cha mbao ukutani kwa Bibi Yeongdeok, upande wa kusini, kama mpunga unaoanikwa. Siruhusiwi kushika hata jembe. Wenyewe wamechuchumaa shambani na visu vifupi, wanachimbua majani ya msimu, yale madogo yaliyojibana na ardhi, yenye mzizi mrefu mweupe unaonukia udongo. Wanayatia kwenye supu ya maharage yaliyochachushwa. Wakimaliza hayo wanachimba vitunguu pori, vyembamba kama nywele. Na pakanga, hiihii ya kwetu, ila wao wanaitwanga na mchele inakuwa mikate ya kijani. Wananilisha, wananitazama nikimeza, halafu wanajadili uso wangu kama watu wanaonunua ndama.

"Leo ana damu kidogo."

"Damu gani, hilo ni jua."

"Mwongeze."

Mmoja aliniuliza kama nina mchumba kwetu. Nikasema sina. Akawageukia wenzake: "Afadhali, hatamwacha mtu mjane."

Inaudhi, dada. Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba naipenda. Tangu nilipoacha shule sijawahi kukaa mchana mikono mitupu. Hapa jua linapenya mpaka ndani ya soksi. Mti wa plamu uliopo ukutani umetoa vifundo vyekundu kama vichwa vya viberiti, na kila siku nalazimika kuvitazama kwa sababu sina kingine cha kutazama, na sasa navijua kimoja kimoja. Maji yanasikika mtaroni, hata mbwa wao wanalala chali. Jana nilisinzia, nikaamka nimefunikwa shuka la maua, na kunguru mmoja wa tumbo jeupe ananichungulia kutoka kwenye waya. Nikajisemea, kumbe kufa si kubaya, ningekufa hivi kila mwaka.

Kuhusu hilo neno lako moja: nitaona.

Na usiniulize kwa ukali namna hiyo. Mwaka jana mwenye haki ya kuuliza nilikuwa mimi. Niliambiwa siku ya tisa, mama ameshazikwa, udongo umeshakauka. Hukusema kwa nini. Mimi sikuuliza.

Thao


Dong Vang, 10 Machi 2009

Thao,

Hatujambo. Salamu zimeishia hapo.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta ndiyo au hapana. Nimekuta vitunguu pori. Nimekuta kunguru. Nimekuta mbwa wa watu wamelala chali. "Nitaona." Utaona nini? Mimi huku napalilia mpunga, maji yamenifika magotini na yanauma kama meno, nikitoka hapo napika chakula cha nguruwe, halafu nakaa chini nasoma kwamba mdogo wangu anahesabu maua. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, nawe umejitangaza kabisa kwamba una kifo.

Baba mdogo alipita juzi, akapima madhabahu ya mama kwa shubiri. Nikamuuliza anapima nini. Akasema anaangalia vumbi.

Sasa sikiliza. Nimekwenda kwa mzee Huan, yule anayeandika maandishi ya Kichina kwa wino siku za mwaka mpya. Nikamweleza aibu yako yote, akacheka mpaka akakohoa. Akasema Wakorea wa umri wake nao walifunzwa maandishi hayohayo. Sauti zinatofautiana, sura ni ileile. Ameniandikia herufi moja tu, nimeikunja ndani ya karatasi ya mafuta isilowe. Maana yake ni matanga. Mtafute mtu mzima yeyote mwenye miwani umwonyeshe. Kama kusema kumekushinda, nyoosha mkono.

Ukishaeleweka, mwombe bosi wako ruhusa. Au uliomba? Thao, uliomba?

Yale ya siku ya tisa tutayaongea wakati mwingine.

Luyen


Hakdong, 24 Machi 2009

Dada Luyen,

Nakusalimu, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nakusalimu nikiwa na jibu. Lakini utalifikia kwa zamu yake.

Niliomba. Niliomba kabla ya mwaka mpya na nikaomba tena Februari. Sikukuandikia kwa sababu nakujua, ungempigia Bwana Bae simu ukampayukia kwa Kivietnamu. Jibu lake la Februari nimelikariri. "Mgonjwa aende kwao moja kwa moja, nitachukua mwingine. Mzima abaki kazini, matikiti yanabeba. Sasa wewe ni yupi?" Nikisema mzima, naambiwa nibaki. Nikisema mgonjwa, naambiwa nisirudi. Mabibi nao wakizidi kunililia ndivyo Bwana Bae anavyozidi kuamini ni mgonjwa. Niambie wewe ungemjibu nini. Ndiyo maana nilikuandikia vitunguu.

Ukauliza kwa nini sikuunganisha maneno mawili. Nilijaribu pale uani. "Kifo" ni neno la miche, linatoka lenyewe. Kuliweka karibu na "mama" ndiko kulikonishinda. Hata kwa lugha yetu sijawahi.

Herufi yako nikampelekea Mzee Gwak, baba yake mwenyekiti, anayewaandikia wanakijiji karatasi za matambiko. Mabibi wakafuata, hawaniachi niende hata chooni. Mzee akavaa miwani, akaishika karatasi mbali, akaivuta karibu, akasoma: "Sang." Kisha akawatazama wale wanawake. "Huyu haumwi, nyie. Huyu ana matanga."

Sang! Nikamwambia kwetu tunasema tang. Dada, ni neno moja. Nililiacha mdomoni tangu mwaka mpya, nikahangaika na kifo cha miche, kumbe ningelitamka tu kwa Kivietnamu huenda wangelidaka. Nimelishwa majani majira mazima kwa sababu ya sauti moja ya mwanzo.

Nilidhani watafurahi kwamba sifi. Bibi Yeongdeok alinichapa kofi la mgongo.

"We Tao. Mama yako amekufa, halafu uko hapa unaota jua?"

"Mlioniweka juani ni nyinyi."

"Ungekataa!"

Akaniuliza ni lini. Nikamwonyesha kwenye kalenda. Akaniuliza nani alimzika. Nikasema dada yangu. Akaniuliza mimi nilikuwa wapi, nikanyoosha kidole chini, hapa, kwenye udongo wa Bae. Akachukua kofia yake ya shambani, na wenzake wakachukua zao.

Walikwenda wote wanne hadi kwenye kibanda cha nailoni alimokuwa Bwana Bae, wakakaa chini katikati ya mistari ya matikiti. Bwana Bae akawasihi watoke, ndani mna nyuki. Wakasema nyuki wanawajua.

"Mama yako alipofariki," Bibi Yeongdeok akamuuliza, "nani alipika?"

"Nyinyi."

"Na jeneza lilibebwa na nani?"

"Waume zenu. Bibi, hayo nayajua. Lakini mablanketi yangu atayakunja nani?"

"Sisi. Tulikuwa tunakunja mablanketi hujazaliwa."

"Na huyu asiporudi?"

Wote wakanigeukia. Nilingoja Bibi anijibie kama anavyonijibia kila kitu, hakunijibia. Nikasema nitarudi. Bwana Bae akasema wiki moja, na akasema kama yeye Bae atakufa mapema basi ijulikane hakuuawa na baridi, aliuawa na vikongwe.

Hili hapa neno lako: ndiyo. Nafika tarehe sita Aprili. Mwambie Baba mdogo aache kupima vumbi.

Thao


Dong Vang, 23 Machi 2009

Mdogo wangu Thao,

Sisi wazima. Mgongo wa Dinh umepata nafuu, analalia ubao. Jibu lako halijafika, na sasa siwezi kulingoja.

Jana nikiwa shambani Baba mdogo alikuja na mwanawe, wakafungua nyumba ya mama, wakalichukua bakuli la ubani. Hakungoja hata huo mwezi mpevu wake. Jirani ndiye aliyekuja kuniita, akapiga kelele ukingoni mwa shamba mpaka nikasikia mimi, fikiria ukubwa wake.

Nilikwenda vilevile nilivyo, matope mpaka mapajani. Nikawakuta wanakula. Sikusalimu. Nikapanda juu ya kiti, nikalitoa bakuli kwenye madhabahu yake, nikalifunga kwa koti langu, nikaliweka kwenye kikapu cha baiskeli. Baba mdogo akasema, "Binti, hilo si lako kulishika, litakulaani." Nikamwambia, "Nimemgeuza mama kitandani miezi minne kwa mikono hii. Kama inalaani, imeshalaani." Nikapita nalo katikati ya soko, mchana, watu wote wakitazama, wengine wakiinamisha vichwa. Sikuchagua njia ya uchochoroni.

Limerudi mahali pake. Nami nimehamia nyumba ya mama na godoro. Jioni Dinh alileta sufuria na kufuli jipya. Baba mdogo ametangaza atakuja na wazee siku ya kumbukumbu. Waje. Watanikuta, na ubani nitauwasha mwenyewe.

Kwa hiyo usije kwa ajili ya bakuli. Bakuli ninalo. Usipoteze kazi yako kwa kumkimbilia Khoat.

Na lile la siku ya tisa. Nilitaka kulisema kwa mdomo, lakini simu haifai na wewe huji. Aliyekataa uambiwe ni mama. Aliniapisha. Alisema ukiambiwa utakuja, ukija hutarudi, na yeye hataki kufa awe ndiye aliyekurudisha kwenye matope. Nikamtii. Tangu siku ile nimekuwa nikikukasirikia wewe, kwa sababu yeye siwezi.

Dada yako,
Luyen


Hakdong, 2 Aprili 2009

Dada Luyen,

Barua zetu zimepishana njiani kama watu wasiosalimiana. Hii nampa Quy wa kijiji cha pili, anayeruka leo kwenda kwetu, ili ikukute kabla hujaanza kubadilisha mipango mingine bila mimi.

Hivi wewe ni mtu wa namna gani? Miezi miwili unanichapa nije. Nimewatoa vikongwe wanne shambani, nimemtoa mzee wa watu usingizini, nimemwapia Bwana Bae mbele ya nyuki wake, nimepata wiki moja ambayo hapa hata mtu anayeoa haipati. Halafu unaniandikia: usije. Na tangu juzi Bibi Yeongdeok anafunga mizigo. Ameweka pakanga kavu, dagaa, na mkebe wa ile mikate ya kijani, anasema ni ya mama, na ukimwambia mama yetu hakuwahi kuijua anasema basi ataijua sasa. Siwezi kumwambia siendi. Atanichapa kofi la pili.

Ile sehemu ya mwisho ya barua yako niliisomea kibandani. Bwana Bae alinikuta nimekaa juu ya mablanketi, akauliza kuna nini tena. Nikamwambia: mama alisema nisiambiwe. Yalitoka yote, kwa Kikorea, hata sijui yalitokaje. Akasema mama yake naye alikuwa hivyohivyo, akaendelea na kazi.

Basi siji kwa ajili ya bakuli. Bakuli linalindwa, namwonea huruma atakayelisogelea. Na ubani ushike wewe. Ukoo ukiuliza, nitasimama pale niseme mtoto wa kiume wa nyumba hii ndiye aliyeutoa mkononi mwake akampa dada yake, na anayetaka kubisha abishe na mimi, nina wiki nzima.

Nakuja kwa jambo dogo. Mlipomzika mama mlichinja kuku wa sadaka, na kwetu hiyo ni kazi ya mtoto wa kiume. Sijui nani aliifanya kwa niaba yangu. Sikuuliza na sitaki kuambiwa. Wa safari hii msimguse. Mfungeni mguu tu, mumpe maji, nitafika.

Thao